Saa Yangu Inakimbia

Haya, leo naweka programu kando niandike juu ya usingizi. Kuna wenzangu wanaodhani naringa kila nikikataa mwaliko wa jioni, nami nimechoka kubuni visingizio.

Mimi hulala saa moja na nusu jioni. Si kwamba napenda. Ikifika saa hiyo macho hufunga yenyewe, hata nikiwa nimeketi na mgeni. Saa kumi alfajiri niko macho kabisa kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikijilazimisha kukesha hadi saa tano usiku, bado nitaamka saa kumi, na siku hiyo nitaandika programu ambayo kesho yake nitaifuta yote.

Kwa watu wengi huu si ugonjwa, ni sifa. Anayeamka alfajiri huitwa mchapa kazi, na kusema kweli hitilafu zilizonishinda mchana hutatuka kabla matatu hazijaanza kupiga honi. Lakini hakuna anayeuliza jioni inakugharimu nini. Nilipokuwa nikihudumia wateja wa Marekani, mikutano ya simu ilikuwa saa tatu usiku ya kwetu. Nilisinzia mara mbili mkutanoni, mara ya pili nikakoroma. Mkubwa wangu aliniita akaniuliza, kwa upole, kama nina shida ya pombe. Nusura kazi iote mbawa.

Ndipo nikaenda kwa daktari. Aliniagiza niandike saa zangu za kulala na kuamka kwa wiki mbili, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na kwenu, nani mwingine hulala hivyo?"

Baba. Baba alikuwa akiinuka kwenda kulala mgeni akiwa hajamaliza chai. Mama aliona ni dharau kwa ndugu zake, na maneno waliyorushiana kwa ajili hiyo nayakumbuka mpaka leo. Alifariki bila mtu kumwambia kwamba hakuwa na kosa.

Ndani ya ubongo kuna kundi dogo la seli, kama 20,000 hivi, ambalo ndilo saa kuu ya mwili. Mwaka 1999 watafiti wa Utah, Marekani, wakiwemo Christopher Jones na Louis Ptáček, walieleza habari za familia ambazo watu wake hulala na kuamka mapema hivi kizazi hadi kizazi. Mmoja wao alipopimwa, saa yake ilimaliza mzunguko kwa saa 23.3 badala ya 24 na kidogo. Mwaka 2001 ilibainika kwamba katika familia moja chanzo ni badiliko kwenye jeni iitwayo PER2: herufi moja tu, msomaji, katika programu nzima! Mwaka 2005 jeni nyingine ikapatikana katika familia nyingine. Yangu haijapimwa, kwa hiyo siapi ni ipi. Katika familia hizo, mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi.

Wanaotunza seva watanielewa upesi. Saa ya tarakilishi yoyote huteleza, ndiyo maana hurekebishwa kila mara kupitia mtandao. Saa ya mwili hurekebishwa na mwanga: wa alfajiri huiwahisha, wa jioni huichelewesha. Na mimi kwa miaka nilikuwa nikiamka saa kumi na kuwasha taa zote pamoja na skrini, yaani nikiikimbiza saa ambayo tayari inakimbia. Huku Nairobi nako jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, halina msaada.

Sasa kila jioni huketi mbele ya taa kubwa nyeupe, na alfajiri hubaki gizani. Nimefikia kulala saa tatu kasorobo. Stima ikipotea siku mbili tatu, narudi nilikotoka.

Juzi saa kumi na nusu alfajiri nilimkuta binti yangu wa miaka tisa jikoni, ameshavaa sare za shule. Jioni hukemewa kwa kusinzia juu ya kazi ya shule, na mmoja wa wanaomkemea ni mimi. Nilibandika chai, tukakaa gizani, nikamsimulia habari za babu yake.