Coventry na Trekta Dogo la Kijivu

Leo twawaongoza mpaka Coventry, mji wa katikati ya Uingereza. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliumwagia mabomu na moto, na kanisa kuu la Waanglikana, la Mtakatifu Mikaeli, likateketea. Kuta zake zingali zimesimama bila paa, na ubavuni mwake lipo kanisa jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962. Mgeni apitaye hapo hunyamaza.

Upande wa magharibi wa mji, mahali paitwapo Banner Lane, palikuwa na kiwanda kikubwa. Wakati wa vita mafundi wake waliunda injini za ndege za kupigana. Amani iliporudi, kiwanda kilekile kikapewa kazi nyingine: tangu mwaka 1946 kilitoa trekta la Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, lililoitwa TE20. Lilikuwa dogo, jepesi, la rangi ya kijivu. Kufika mwaka 1956 yalikuwa yameundwa zaidi ya 500,000. Basi mikono iliyotumikia vita ikatumikia jembe.

Kazi ya kuunda matrekta hapo ilikoma mwaka 2002, na leo pamejengwa nyumba za watu. Lakini matrekta yenyewe hayajafa. Katika mashamba ya Uingereza na Ireland tungali twakuta wazee na vijana wakiyafumua na kuyaunda upya, kisha wakiyapeleka kwenye mashindano ya kulima. Katika mabanda yao twajifunza habari ya krankshafti iliyokaza.

Krankshafti ni ule mhimili wenye viwiko ugeuzao kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Katika injini ya TE20 umeshikwa na beringi kuu tatu. Kati ya mhimili na beringi hubaki nafasi nyembamba kama unywele, nayo hujazwa mafuta. Nafasi hiyo ikikosekana, mhimili haugeuki.

Fundi amekwisha kufunga kila kitu, ashika mpini wa kuwashia, kumbe injini haitikisiki! Wengine hulifunga trekta mnyororo na kulivuta kwa trekta jingine. Huko ni kuliangamiza. Metali laini ya beringi hukwaruzika na kuyeyuka, mhimili nao huharibika. Kazi ya miezi na akiba ya nyumba hupotea kwa dakika chache.

Fundi mwenye busara hurudi nyuma. Kwanza huondoa plagi, ili hewa inayobanwa ndani ya silinda isimdanganye. Kisha hulegeza vifuniko vya beringi kimoja kimoja, na kila mara hujaribu kugeuza. Kile ambacho kikilegezwa mhimili hugeuka, hapo ndipo penye kosa. Pengine kifuniko kimewekwa mahali pa mwenzake, au kimegeuzwa nyuma mbele. Kila kifuniko kilichongwa pamoja na kitako chake, wala hakifai kwingine. Ndiyo sababu mafundi huvitia alama kabla ya kuvifungua. Pengine punje ya mchanga imebaki nyuma ya beringi. Pengine beringi zilizonunuliwa ni nene kuliko kipimo cha mhimili. Ili kuhakikisha, fundi hulaza uzi mwembamba wa plastiki juu ya mhimili mkavu, hukaza kifuniko bila kugeuza mhimili, kisha hukifungua. Uzi ukibapatika mno, nafasi haitoshi.

Ikiwa mhimili peke yake wageuka kwa mkono, na ugumu waja pistoni zinapotiwa, si ajabu, kwa maana ringi mpya husuguana na silinda. Lakini ugumu huo huwa wa namna moja mzunguko mzima. Ukikwama mahali pamoja tu, hilo ni onyo.

Wazazi wapendwa, nanyi wanafunzi, nyumbani mwetu pia mambo hukaza. Mtoto agoma kusoma, ndugu hawasemezani, nasi twakimbilia mnyororo: kelele, amri, fimbo. Haraka haraka haina baraka. Tuketi kwanza, tulegeze jambo moja moja, tutafute lile linalobana. Huenda ni punje ya mchanga tu, au mtu aliyepewa kazi ya mwenzake.