Mkanda na Chembe

Akili ya mwanadamu ina mitazamo miwili. Mmoja huona mambo kwa mbali na kwa ukamilifu wake, kama mtu aliye kileleni atazamapo nchi. Mwingine huona jambo moja kwa karibu, kama sonara aikaguavyo pete. Yote miwili ni neema, wala hapana kazi kubwa iliyopata kutimia kwa mmoja tu. Walakini safari ya kutoka mtazamo huu kwenda ule ina ushuru wake, na mwenye kuulipa aghalabu hajui kuwa amelipa.

Bulyanhulu, katika Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, ni mahali panapoonyesha jambo hili wazi. Dhahabu ya hapo imo katika mikanda myembamba ya mwamba iliyozama ardhini karibu wima, na mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2001 umeifuata kwa kina cha zaidi ya mita 1,000. Mtaalamu wa miamba hana budi kuuona mkanda mzima moyoni mwake. Kisha hana budi kuinama juu ya kipande kimoja cha jiwe na kutafuta chembe ambazo pengine jicho tupu halizioni, maana tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu. Avukapo mara nyingi kutoka ramani kwenda chembe, jioni humkuta amechoka kama aliyebeba mawe, ingawa mikono yake haikuinua kitu.

Jicho lenyewe hufundisha sababu. Atokaye juani akaingia gizani huwa kama kipofu. Yapata nusu saa hupita kabla jicho halijalizoea giza sawasawa. Arudipo juani, dakika chache humtosha. Akili nayo ina desturi kama hiyo: kushuka katika mambo madogo ni kazi ya polepole, kuyaacha ni kazi ya mara moja. Neno la mpita njia hutosha kumtoa mtu katika hesabu aliyoijenga kwa saa nzima, lakini halitoshi kumrudisha.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1927 Arthur Jersild wa Marekani aliona kuwa kugeuza kazi kila mara hula wakati, hasa kazi zote mbili zifanywapo juu ya vitu vya namna moja. Mwaka 1977 David Navon aliwaonyesha watu herufi kubwa iliyoundwa kwa herufi ndogo: ile kubwa ilizuia kusomwa kwa zile ndogo, lakini ndogo hazikuizuia kubwa.

Pengine ushuru huu hulipwa kwa uhai. Mchimbaji mdogo aliye chini ya duara, akiwaza nyumba atakayoijenga, yamkini asisikie mlio wa gogo linaloegemeza udongo juu ya kichwa chake.

Mataifa nayo hayakusamehewa. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yasisafirishwe nje, ikaunda kamati mbili: moja, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ipime kilichomo katika makontena, nyingine, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, itazame uchumi na sheria. Kampuni ilizikataa hesabu zilizotolewa. Lakini katika kugawa kazi palikuwa na busara, kwani hapana kamati iliyotakiwa kushika mizani na kuamua urithi wa taifa kwa mkono mmoja. Raia hakupata nafuu hiyo. Jioni moja, kando ya redio, alitakiwa apime gramu za kontena na haki ya vizazi. Si ajabu kama mmoja alibaki na hasira isiyo na hesabu, na mwenziwe na hesabu isiyo na uchungu.

Basi dawa ni kuipa kila kazi saa yake, na kuacha alama pale fikira ilipokomea, kama mchimbaji aachavyo alama ukutani ajue pa kuanzia kesho. Mshika mbili moja humponyoka. Lakini aliyeshika moja, akaiweka mahali anapopajua, kisha akaishika ya pili, hapotezi ila muda wa kunyoosha mkono. Muda huo ndio ushuru. Heri aulipe akijua.