Hazina ya Mbali na Mashine Yenye Haraka

Folda tupu humtia msomaji hofu kuliko kitabu kilichochanika, maana mchaniko huonyesha kilichobaki. Hofu hiyo niliiona Kwamkoro, Usambara ya Mashariki, jirani na Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Wanafunzi wangu walikuwa wakirekodi hadithi za wazee wa Kisambaa. Sauti zilitunzwa katika seva moja. Kompyuta za Linux zilizisoma kwa NFS, utaratibu uliobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984, ambao huzifanya faili za mbali zionekane kama zimo ndani ya mashine yako.

Mvua ikizidi, umeme hukatika. Ukirudi, mashine zote huanza kuamka pamoja, walakini hazimalizi pamoja. Seva hukagua diski zake kwanza. Kompyuta ya mezani husoma orodha yake katika /etc/fstab, hubisha hodi kwa seva iliyo usingizini, hungoja, hukata tamaa. Mwanafunzi mmoja alifungua folda, akadhani sauti ya mzee aliyekwisha fariki imepotea. Ilikuwa salama. Hatari ilikuwa kuweka sauti mpya ndani ya utupu ule: faili zingeandikwa katika diski ya kompyuta yenyewe, na hazina ya seva ikiunganishwa baadaye mahali pale pale, ingezifunika zisionekane.

Aghalabu watu huiagiza mashine ingoje mtandao. Ni shauri jema, ila nauona ufupi wake: mtandao kuwa tayari si dalili kwamba seva imeamka. Neno nofail nalo huiruhusu mashine kuendelea kuwaka, lakini utupu hubaki. Nalipendelea x-systemd.automount. Hilo huweka bawabu mlangoni. Mtu akiigusa folda, ndipo bawabu huiita seva. Isipoitika, mtu hupewa kosa waziwazi, wala hafunguliwi chumba kitupu aweke mali yake. Tuliongeza x-systemd.mount-timeout=30, asingojeshwe zaidi ya nusu dakika.

Kabla ya kuandika maneno hayo tuliiondoa hazina kwa muda, tukachungulia folda iliyo chini yake katika kila kompyuta. Katika moja zilikuwamo sauti tatu ambazo hakuna aliyejua kwamba zimekosekana kwenye seva. Tulizinakili huko, tukazisikiliza hadi mwisho, kisha tukaifuta nakala ya chini.