TUTEREMKE ZIWANI: KUTOKA BUNIA MPAKA KASENYI

Watu wa Bunia hula samaki mara nyingi, lakini si wengi kati yao waliopata kumwona mvuvi akiwa kazini. Samaki huwafikia sokoni amekwisha kukaushwa au kutiwa chumvi, naye mnunuzi huuliza bei tu. Haulizi ametoka wapi wala amevuliwa kwa njia gani. Hata hivyo ziwa li karibu, kilometa hamsini hivi upande wa mashariki. Basi tuliona yafaa tuteremke huko, tutazame kwa macho yetu, kisha tuwaeleze wasomaji wetu tuliyoyaona. Maana tulikuta jambo moja ambalo kila jamaa ilayo samaki yapaswa kulifikiri.

NJIA YA KUTEREMKA

Bunia umejengwa katika nchi ya juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi hewa ni baridi, na vilima vyake vya majani ni malisho mazuri ya ng'ombe. Barabara ya ziwani yapita Bogoro, kijiji ambacho jina lake lilijulikana duniani kwa sababu ya msiba: tarehe 24 Februari 2003 kilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na hukumu juu ya mambo hayo ilitolewa huko The Hague mwaka wa 2014. Tulipita hapo bila maneno mengi.

Baada ya Bogoro nchi yakatika ghafula. Mtu asimamaye ukingoni huona chini yake bonde pana, na ndani ya bonde maji yanayong'aa hata macho yasione mwisho wake. Ng'ambo, hewa ikiwa safi, vilima vya Uganda huonekana kama moshi wa buluu. Barabara yazunguka na kuzunguka, na kila mzunguko joto lazidi, kwa kuwa ziwa liko mita 620 tu juu ya bahari. Mtu aliyeondoka Bunia amevaa koti hufika Kasenyi akitafuta kivuli.

Ziwa hili Wanyoro waliliita Mwitanzige, yaani linaloua nzige. Mwingereza Samuel Baker alifika kandokando yake tarehe 14 Machi 1864, akalipa jina la Albert. Urefu wake ni kilometa 160 hivi, upana wake kilometa 30 na zaidi kidogo, lakini kina chake hakifiki mita 60. Upande wa kusini laingiliwa na mto Semliki. Upande wa kaskazini Nili huingia na kutoka tena kwenda Sudani Kusini. Kwa kuwa ziwa ni refu na halina kina kikubwa, upepo ukilipiga mawimbi huinuka upesi, mafupi na makali. Wavuvi hawalidharau.

WATU WA KASENYI NA KAPITENE WAO

Kasenyi na Tchomia ni mabandari ya wavuvi na wachuuzi. Mitumbwi mirefu ya mbao imelazwa mchangani, mingine ina mota, mingine yaenda kwa makasia tu. Mitumbwi hiyo si ya samaki peke yao. Mwanzoni mwa mwaka wa 2018, vita vilipowaka tena Ituri, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwa mitumbwi kama hii mpaka Uganda, wakaokoa maisha yao. Wengine walizama njiani.

Samaki anayeheshimiwa zaidi hapa ni kapitene, yule ambaye katika Tanzania huitwa sangara. Wasomaji wengi wamesikia habari za sangara wa Ziwa Victoria, lakini huenda hawajui kwamba huko yeye ni mgeni. Alipelekwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akitolewa katika Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Hapa kwetu yuko nyumbani kwake tangu zamani. Tena anaye ndugu mdogo mwenye macho makubwa, akaaye katika maji makuu mbali na ufuko. Huyo haonekani katika ziwa jingine lolote duniani. Pamoja nao yuko mbenga, mwenye meno marefu yatokezayo nje ya mdomo, mwindaji mwenye mbio.

Tuliketi na mzee mmoja aliyevua tangu ujana wake, pamoja na kijana wake. Mzee alisema, «Mwalimu, zamani kapitene mmoja aliwabebesha watu wawili. Leo mwanangu ananiletea kapitene wa kiganja.» Kijana hakukana. Alijibu kwa adabu, «Baba asema kweli. Lakini wavu wangu wa matundu madogo nimeukopa, na deni halingoji samaki akue. Nikiuacha, watoto watakula nini kesho?»

Hilo ndilo neno lenyewe, wasomaji wapenzi. Wavu wa matundu madogo haumchagui mkubwa wala mdogo; wawakamata hata wale ambao hawajazaa bado. Nchi zinazozunguka Ziwa Victoria zimekwisha kuona hasara hiyo, zikakataza kwa sheria kuvua sangara aliye chini ya sentimeta 50. Lakini kumwambia maskini, «Acha wavu wako,» bila kumwonyesha njia nyingine, ni kumwambia afe njaa. Basi twaweza kumwonyesha njia ipi?

UFUNDI WA KURAMBAZA

Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wana namna ya kuvua iitwayo kurambaza, yaani kuvuta mshipi wenye ndoana nyuma ya chombo kinachokwenda. Kwa namna hiyo huwapata nguru, jodari, felusi na nduwaro, samaki wa bahari kuu wasiokaa mahali pamoja. Katika mkondo wa bahari ulio kati ya Pemba na bara, wengine huvua kwa mashua zenye mota za nguvu, wengine kwa ngalawa na tanga tu. Wageni matajiri hufika Malindi na Watamu kwa mchezo huo huo, na mara nyingi humtia nduwaro alama na kumwachilia aende zake. Tajiri hucheza, maskini hutafuta chakula. Lakini kanuni za ufundi ni zile zile, nazo si ngumu.

Ya kwanza ni mwendo. Kila samaki ana mwendo wake. Chambo cha bandia kinachovutwa kwa ajili ya jodari na nduwaro huenda kilometa 12 hata 16 kwa saa. Lakini kapitene hapendi kukimbiza. Kwake yeye mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka, kilometa 4 hata 6 kwa saa, watosha.

Ya pili ni kina. Mshipi ukivutwa upesi huelea juu, na samaki akaaye chini hauoni. Kwa hiyo huongezwa chubwi, au mshipi mrefu zaidi, au chambo chenye ulimi mbele ambao maji huusukuma chini. Katika visiwa vya Pasifiki wavuvi hufunga kibao kidogo kilichoinamishwa, nacho huuzamisha mshipi kadiri chombo kinavyokwenda. Kibao cha namna hiyo seremala yeyote wa Kasenyi aweza kukichonga.

Ya tatu ni kuitenganisha mishipi. Ukivuta miwili au mitatu, isiwe ya urefu mmoja, la sivyo itasokotana. Watu wa baharini hutoa miti miwili mirefu, mmoja kila ubavu, ili mishipi ikae mbali. Mianzi yetu yaweza kazi hiyo. Tena chombo kigeuzwe kwa mzunguko mpana. Hapo ipo siri ambayo mvuvi mwerevu huitazama: chombo kikigeuka, mshipi wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, nao wa nje huongeza mwendo na kupanda. Samaki akiuma wa ndani, ajua kwamba alikuwa akienda mbio mno. Akiuma wa nje, alikuwa akienda polepole mno.

Ya nne ni vifaa. Ndoana iwe kali, nacho chambo kiende sawa bila kuzunguka-zunguka, kwa maana kikizunguka hupotosha mshipi wote. Kwa samaki wenye meno, kama nguru baharini na mbenga ziwani, kipande cha waya hutangulia ndoana. Kwa jodari mwenye macho makali waya humtia shaka, yafaa uzi mwembamba. Mvuvi asiye na fimbo ya kuvulia hufunga katikati ya mshipi kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, ili samaki akipiga kwa nguvu mpira unyooke, mshipi usikatike.

Ya tano ni macho. Ndege wakirukaruka na kujitupa majini, chini yao mna samaki wadogo, na chini ya wadogo mna wakubwa. Gogo lielealo, mstari wa povu, mahali maji yanapobadili rangi, pale ambapo kina chazidi ghafula: hapo ndipo pa kupita mara mbili na tatu. Kapitene huwinda zaidi alfajiri na wakati wa magharibi.

TULIVYOJARIBU

Kijana yule alikubali kujaribu. Alfajiri tuliingia mtumbwini, mishipi miwili ikavutwa nyuma ya tezi. Saa ya kwanza ilipita bila kitu. Akapunguza mota, akaongeza chubwi. Alipogeuza chombo, mshipi wa ndani ukakazika kwa ghafula, kisha ukalegea: ulikuwa umekatwa kama kwa wembe. «Mbenga,» akasema, akafunga waya. Jua lilipopanda alikuwa amepata kapitene wawili, mmoja wao mrefu kama mkono wa mtu mzima, wala hapakuwa na kichanga hata kimoja.

Lakini kijana alihesabu petroli aliyoichoma, akatikisa kichwa. Naye alikuwa na haki. Mtu akirambaza kwa mota asubuhi nzima, petroli yaweza kula faida yote. Ndipo mzee aliponena neno la maana: «Kila siku unakwenda kutega nyavu, na kila siku unarudi. Safari hiyo umekwisha kuilipia. Kwa nini mishipi isifuate nyuma?» Ndivyo wafanyavyo wengi baharini: hawaendi kurambaza, hurambaza wakiwa njiani. Upepo ukiwa mwema, tanga nalo lavuta bila kudai petroli.

Basi shabaha si kuziacha nyavu zote kwa siku moja. Mvuvi apate kitoweo na fedha kwa mishipi, apunguze deni kidogo kidogo, kisha wavu wa matundu madogo ukichakaa asinunue mwingine wa namna hiyo, bali wa matundu makubwa. Kijana hakutoa ahadi. Alisema atajaribu mpaka mvua zitakapoanza, kisha atahesabu tena.

MAONYO MAWILI

Arambazaye hufuata samaki, na samaki hajui mpaka. Mpaka wa ziwa ulipatanwa kati ya Waingereza na Wabelgiji mwaka wa 1915, lakini majini hakuna jiwe wala uzio. Mwezi wa Agosti 2007 watu walikufa kwa risasi karibu na kisiwa cha Rukwanzi, hata marais wa nchi mbili wakakutana Ngurdoto, Tanzania, mwezi wa Septemba kupatana. Wavuvi wengi wamekamatwa wakiwa nyuma ya ndege na samaki tu. Asiye na chombo cha kuonyesha mahali alipo na akae upande wa kwao, ambako ufuko waonekana vizuri.

Onyo la pili ni la dhoruba. Mtumbwi ulio mbali, wenye mishipi nyuma, haugeuki upesi. Wingu jeusi likitokea, mishipi ikusanywe kwanza. Na kila aliyemo avae koti la kuelea, si kulikalia. Bei yake ni ndogo kuliko sanda.

Nasi tusiovua tunayo sehemu yetu. Mama anayenunua sokoni Bunia ana nguvu kuliko anavyodhani. Akikataa kapitene wa kiganja, mchuuzi hatamleta tena. Mchuuzi asipomtaka, mvuvi hatamtafuta. Wanafunzi nao wapime kwa rula: sentimeta 50 ni karibu upana wa dawati dogo. Samaki asiyefika hapo angepaswa bado kuwa majini, akijiandaa kuwazalia watoto wetu chakula chao.