Visanduku vya Dartmoor

Nataka kusema machache juu ya mchezo ambao wachezaji wake wenyewe hawajapatana kama wafaa kusemwa. Mchezo huu ulizaliwa katika nyika ya Dartmoor, jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Waingereza huuita kwa jina la sanduku la barua, lakini siku hizi posta haina kazi nao. Mtu huficha kisanduku kidogo chini ya jiwe au katika ufa wa jabali. Ndani yake hutia daftari na muhuri wa mpira, aghalabu aliouchonga kwa mkono wake, kisha hutunga maelezo ya njia ya kukifikia, na mara nyingi maelezo hayo huwa mafumbo. Anayekipata hupiga muhuri ule katika daftari lake, hupiga muhuri wake katika daftari la kisanduku, hurudisha kila kitu mahali pake, kisha huenda zake. Hapana fedha wala zawadi. Faida yake ni alama ya wino, na matope ya viatu.

Asili yake yajulikana. Mwaka 1854 James Perrott wa Chagford, aliyekuwa kiongozi wa wasafiri, aliweka chupa penye Cranmere Pool, mahali pa upweke katika nyika ya kaskazini, ili wageni wake waache humo kadi za majina yao kuwa ushahidi wa kufika. Baadaye ikawa desturi mtu kuacha humo barua yenye stempu, na afikaye nyuma yake kuichukua na kuitia posta. Posta hiyo ilitegemea wema wa mtu asiyejulikana. Mwaka 1938 kisanduku kingine kiliwekwa Ducks' Pool, kusini mwa nyika, kwa ukumbusho wa William Crossing, mwandishi aliyeijua nyika ile kama mtu ajuavyo uwanja wa nyumba yake.

Kwa zaidi ya miaka mia visanduku vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Ramani iliyochorwa mwaka 1976 ilionyesha 15 tu. Baada ya hapo kikaundwa chama cha watu waliokwisha kupata visanduku 100, orodha zikachapwa, na haukupita muda mrefu nyika ikawa na visanduku maelfu.

Ndipo madhara yalipoonekana. Udongo wa Dartmoor ni mweusi, laini, wenye kunywa maji, na unyayo uliorudiwa mara nyingi huuacha ukiwa kidonda. Isitoshe, nyika ile ina makaburi ya mawe na safu za mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale, tangu zama za shaba. Na mtu mwenye haraka ya kutimiza 100 hatofautishi jiwe la kaburi na jiwe jingine. Kanuni zikatungwa: kisanduku kisiwekwe katika mabaki ya kale, ardhi isichimbwe, saruji isitumiwe. Ni kanuni njema, lakini msomaji atatambua kuwa haikatazwi saruji mahali ambapo hapana aliyepata kuifikiria.

Basi wako waliochagua kunyamaza. Visanduku vyao havimo katika orodha yoyote. Habari zake hutoka kinywani mwa mtu mmoja zikaingia sikioni mwa mwingine. Mzee mmoja wa Devon, ambaye ndiye aliyenifunza mchezo huu, ni wa kundi hilo. Nilipomwambia kuwa nataka kuuandika kwa Kiswahili, aliniuliza ni watu wangapi wasomao lugha hiyo. Yamkini alitumaini kusikia kuwa ni wachache. Nilipomjibu kuwa ni mamilioni, alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nisitaje mahali pa kisanduku kimoja alichonionyesha. Alikificha yeye na mkewe, na mkewe sasa ni marehemu. Ahadi hiyo nilimpa, na hapana neno katika insha hii litakalomfikisha mtu huko.

Lakini juu ya mchezo wenyewe hatukupatana. Yeye husema kuwa kila atajaye mchezo huleta mguu mmoja zaidi nyikani. Mimi nakumbuka vitendawili vya kwetu. Mwenye kitendawili hakitegi kwa kunong'ona, husema kwa sauti, na umati mzima huitika, "Tega!" Wakishindwa humpa mji, naye hutoa jibu. Sijasikia kitendawili kilichoharibiwa na wingi wa masikio. Huharibiwa na yule adakiaye jibu kabla wengine hawajafikiri.

Mwezi wa Aprili 1998 gazeti la Smithsonian la Marekani lilichapa habari za mchezo wa Dartmoor. Huko Marekani wakati ule waliokuwa wakiujua walikuwa wachache mno. Habari ile ilieleza desturi, na kwa kuwa karibu nao hapakuwa na visanduku vya kutosha kutafuta, wasomaji walilazimika kuficha vyao wenyewe, kila mtu katika msitu wake. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani iliondoa kizuizi kilichopunguza usahihi wa ishara za setilaiti kwa raia. Kesho yake mtu alificha ndoo katika jimbo la Oregon, akatangaza mahali pake kwa tarakimu. Mchezo huo mpya sasa una maficho zaidi ya milioni 3 duniani. Siudharau, maana umewatoa watu wengi vitini; lakini hapo jibu hutangazwa pamoja na swali, na mashine humshika mtu mkono hadi mlangoni. Nisemapo kuwa mchezo wa visanduku utangazwe, sikusudii utangazwe hivyo. Watu waambiwe kuwa jambo hili lipo, na namna ya kulifanya bila kuumiza ardhi. Mahali wapatafute, ama wapaanzishe kwao.

Kimya nacho kina gharama yake, na gharama hiyo mzee wangu anaijua kuliko mimi. Mwenye kisanduku cha siri akifa bila ya kumwambia mtu, kilichobaki chini ya jiwe ni takataka ya plastiki, na daftari linaloota ukungu. Katika daftari lake nilikuta miaka minne imepita tangu muhuri wa mwisho kupigwa, na muhuri huo ulikuwa wa mkewe. Nilipiga wangu chini yake. Tulipokuwa tukishuka nilimwuliza ni nani atakayeonyeshwa baada yangu. Alijibu kuwa kuchagua sasa ni kazi yangu, akaendelea kutazama njia. Bado sijamchagua mtu.