Ndoo Iliyoachwa Bombani

Ninaishi Kibaha. Jioni nyingi huketi barazani na kompyuta yangu ya mkononi nikifanya hesabu ambazo yenyewe haiwezi kuzibeba. Hesabu hizo hufanyika mbali, kwenye klasta ya utafiti: kompyuta nyingi zenye nguvu zilizounganishwa, ambazo watafiti wengi huzitumia kwa foleni. Mimi huifikia kwa daftari la Jupyter. Naandika amri, jibu linatokea chini yake, nami naongeza maelezo na grafu palepale.

Daftari hili lina asili ya kututia moyo. Fernando Pérez, mzaliwa wa Kolombia, alianza kuandika programu ya IPython mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi wa fizikia. Jupyter ilizaliwa humo mwaka 2014. Haiuzwi. Lakini programu kuwa ya bure hakuifanyi mashine kuwa ya bure. Kompyuta kuu ya Ranger ya Texas ilipostaafishwa mwaka 2013, baadhi ya makabati yake yalisafirishwa hadi Afrika Kusini ili yagawiwe taasisi za huko, za Botswana na za Tanzania. Kilichochakaa kwa wenzetu, kwetu bado ni cha kupangia foleni.

Masika yaliyopita nilifungua daftari nikaomba viini vingi na kumbukumbu kubwa kwa siku 7. Kazi yenyewe ilihitaji alasiri moja tu. Siku 7 niliziomba kwa sababu niliweza. Ijumaa nilipata jibu, nikafunika kompyuta, nikaondoka. Nilijua vizuri kwamba kufunika kompyuta si kuzima daftari. Programu iliyo nyuma yake hubaki klasta, imekumbatia kila ilichopewa, haifanyi lolote.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo mwanafunzi wangu wa uzamili. Yeye hupima kwa picha za satelaiti jinsi misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, inavyopungua. Jumatatu alikuwa na miadi ya kuwaonyesha wanakijiji ramani ya msitu wao. Alikwenda bila ramani.

Sikuambiwa. Niligundua Jumanne nilipofungua orodha ya foleni: jina langu juu, lake chini, "inasubiri". Nikampigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona hukuniambia?"

Akanyamaza kidogo. "Nilidhani una kazi kubwa, Mwalimu."

Sentensi hiyo haijaniacha. Kanuni za klasta zilitutendea sawa. Sikuiba wala sikuvunja sharti. Heshima ndiyo iliyomfunga mdomo, nami nilikuwa nikiifaidi bila kujua. Mkubwa akiacha ndoo bombani, hakuna anayethubutu kuisogeza, hata kama imekwisha kujaa. Ndugu zangu watumishi wa umma, tazameni gari la ofisi lililoegeshwa chini ya mwembe kumngoja bwana mkubwa, huku bibi afya akitafuta bodaboda. Huwezi kumwita bwana huyo mwizi, lakini chanjo imechelewa.

Nimebadili mwenendo. Sasa naomba saa badala ya siku, na nazima daftari kabla ya kufunika kompyuta. Kazi ndefu naigeuza kuwa programu ya kawaida na kuituma kwenye foleni, ikimalizika iachie mashine yenyewe. Kila Ijumaa nafungua orodha ya matumizi mbele ya wanafunzi wote, jina langu likiwa la kwanza kuhojiwa. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema neno. Wiki ya tatu, kijana mmoja wa mwaka wa pili aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini nimechukua viini 16. Sikuwa na jibu zuri. Nikavipunguza.

Ramani ilikamilika siku 3 baada ya miadi. Mwanafunzi aliipeleka Kisarawe, akaiacha kwenye meza ya ofisi. Wanakijiji walikwisha kutawanyika kwenda mashambani, na mkutano mwingine haujaitishwa hadi leo.