Duara la Mchanga

Wahenga hawakukosea waliposema kutembea kwingi ni kuona mengi. Novemba 2024 nilikuwa miongoni mwa wanafunzi sita waliozuru mji wa Fukuoka, kusini mwa Japani. Katika yote niliyoyaona huko, asubuhi moja ingali inanikaa rohoni.

Kila Novemba wanamieleka wa sumo huja Fukuoka kwa mashindano ya siku 15. Wengi hupiga kambi katika mahekalu, na baadhi ya kambi huruhusu watu kutazama mazoezi. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, baridi ikitutafuna masikio. Tuliketi kimya, miguu tumeikunja, kwani kuelekeza nyayo uwanjani ni utovu wa adabu. Mbele yetu palikuwa na duara la udongo ulioshindiliwa, upana wake mita 4.55.

Ndugu msomaji, usidhani sumo ni unene tu! Vijana wale waliinua mguu juu, wakautua kwa kishindo, tena na tena, jasho likiwatiririka. Tumboni hamkuwa na kitu. Wa madaraja ya chini ndio wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, na mshahara hawapati mpaka wafike daraja la pili kutoka juu. Mmoja wao alikuwa kama rika langu. Alisukumwa, akabingirishwa, akainuka mgongo umejaa udongo, kisha akainama kumshukuru aliyemwangusha. Nilihesabu mara kumi na tisa nikaacha.

Mazoezi yalipokwisha, wavulana wetu wawili waliitwa wajaribu kumsukuma mwanamieleka mmoja. Lakini wapi! Ni kama kusukuma ukuta. Nami nikasimama ningoje zamu yangu. Mzee mmoja akanizuia kwa upole. Kumbe mwanamke hakanyagi udongo ule, ndiyo mila. Mwenyeji wangu, msichana wa miaka kumi na sita kama mimi, akaninong'onezea kwa Kiingereza cha kuombea maji. Eti mwaka 2018, mjini Maizuru, meya alianguka duarani akihutubia. Wanawake waliopanda kumwokoa wakatangaziwa watoke! Mkuu wa chama cha sumo aliomba radhi, lakini mila ikabaki palepale.

Nimelelewa kuheshimu mila za watu, kwa hivyo nikaketi. Moyo ndio haukuketi.

Saa nne tukaenda ufuo wa Momochi, karibu na mnara wa mita 234. Ufuo huo umetengenezwa na watu. Hata mchanga wake uliletwa. Mwenyeji wangu akavua viatu, akachora duara kwa kisigino, akaniita. Tukachuchumaa, ngumi chini, tukavamiana. Alinibwaga mara tatu. Ya nne nikamtoa nje ya mstari. Akainama, nami nikainama. Ndipo akaniambia kwamba wasichana hushindana katika sumo ya ridhaa, na kwamba tangu 2001 wanawake wana mashindano yao ya dunia.

Wapo watakaosema mgeni hana haki ya kuhukumu mila ya mwenyeji. Sawa, nami sikuivunja. Lakini adabu niliyoipenda alfajiri ile, ya kuvumilia na kumshukuru aliyekuangusha, haikuwa imefungiwa kwenye udongo. Wasichana wawili tuliibeba hadi baharini, na haikupungua chochote. Dada zangu, mkifungiwa duara moja, msimtukane mwenye duara. Chorani lenu, mwingie kwa heshima, na swali mlilo nalo endeleeni kuliuliza.